Mkanda wa Mawe

Wahenga walituachia neno: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake haina ugumu. Kitu kizuri hakihitaji mpiga debe; watu watakifuata hata kikiwa kimefichwa nyuma ya ghala. Kitu kibaya ndicho huamka mapema, kikajipamba, kikabisha hodi mlango hadi mlango kujisifia. Wengi wetu hulikariri neno hili shuleni, halafu siku ya kwanza tukivishwa kilemba cha ukoka tunauliza kioo kiko wapi. Odile Daigle naye nusura akivae. Simcheki, maana ningekuwa mimi ningekivaa na kulala nacho.

Hayo yalitukia katika Bonde la Mto Saint John, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, ambako ng'ambo ya mto ni Kanada. Mwaka ulikuwa 1986. Siku hizo shule za Bondeni zilifungwa wiki tatu kila vuli ili watoto wakavune viazi. Alfajiri redio ilisoma majina ya wakulima, nani anachimba leo na nani anangoja baridi ipungue, nasi tukapanda nyuma ya malori tukiwa tumejifunga skafu hadi puani. Tuliokota viazi kwa vikapu, tukavimimina katika mapipa ya mbao, na kufikia saa nne kila mtu alikuwa amekwisha kuulaani mgongo wake. Hakuna aliyeipenda kazi ile wakati akiifanya. Leo mashine zimeimeza yote, shule hazifungwi tena, nami sijakutana na mtu wa rika langu asiyezitamani asubuhi zile.

Odile alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa pekee wa Rosaire na Gilberte Daigle. Mama yake alikuwa mcheshi, mwepesi wa ulimi. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache mno. Gilberte alipenda kusema kwamba siku ya posa ilibidi kaka yake Rosaire amsemee. Rosaire alikuwa amenunua mashine kuukuu ya kuvunia, nayo ilichimba viazi na mawe bila kubagua, ikavileta vyote ghalani. Kazi ya Odile na vibarua ilikuwa kusimama kando ya meza ndefu wakiokota mawe kwa mkono, vumbi puani, vidole vikifa ganzi.

Alipofika miaka kumi na mitano Odile alichoka. Alichukua mkanda wa mpira wa mashine mbovu ya kupandishia majani makavu, mota ya mashine ya kufulia nguo iliyokuwa imetupwa, na mbao. Akauinamisha mkanda ule ukawa unapanda kama kilima. Viazi vilivyoangukia juu yake vilibingirika kurudi chini kwa kuwa ni vya mviringo. Mawe, ambayo kwa Daigle mengi ni bapa, yalitulia juu ya mkanda, yakapanda nao na kutupwa nje. Ilimchukua majira mawili ya baridi na vidonda visivyohesabika kuupata mwinamo ulio sawa.

Siku chache baada ya mkanda kuanza kazi, jirani yao Féréol Cyr alikuja kuazima spana. Huyu alikuwa mkulima mkongwe ambaye nusu ya Bonde ilijifunza kazi kwake. Alisimama mbele ya mkanda, mikono mfukoni, kwa muda wa sigara nzima.

"Naona mna mkanda," alisema.

"Ndiyo, mzee," Odile alijibu.

"Mawe yanatoka?"

"Yanatoka."

"Si mbaya," alisema mzee Cyr, akachukua spana na kwenda zake.

Msomaji asidhani mzee alikuwa mchoyo wa maneno. Bondeni "si mbaya" ndiyo sifa iliyo juu ya sifa zote. Zaidi ya hapo ni matusi. Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi hatumsifu mgema, na mgema mwenyewe akijisifu tunainua nyusi na kumtazama hadi aone haya. Ukimwuliza mtu mavuno yake yalikuwaje, hata kama maghala yamefurika, atakwambia, "Tunasukuma." Na neno "mimi" hulitumii unapozungumzia kazi, unasema "sisi", hata ukiwa ulikuwa peke yako. Ndivyo Odile alivyolelewa, na ndivyo alivyopata taabu.

Wiki ile shule ilipofunguliwa baada ya mavuno, mwalimu Plourde, mshauri wa wanafunzi, alimwita ofisini.

"Keti, Odile. Matokeo yako ya mtihani wa kuingilia vyuo yamefika. Unajua umepata nini?"

"Nimefeli?"

"Katika miaka yangu ishirini na mbili hapa, sijapata kuandika alama kama hizi za hisabati." Alivua miwani akaifuta. "Unataka kusomea nini?"

"Uhandisi, mwalimu. Wa mashine. Lakini nyumbani hatuna uwezo."

"Najua. Chuo cha jimbo letu ni kizuri, ila fungu lake ni dogo. Sasa nisikilize. Nje ya jimbo kuna vyuo vinavyotafuta watoto wa sayansi kama wewe. Wanakulipia kwa sababu ya kichwa chako, si kwa sababu ya mfuko wa baba yako. Usiogope umbali. Ogopa kubaki hapa ukiokota mawe na kichwa kama hicho."

Akampa orodha ya vyuo tisa aliyoipiga taipu mwenyewe. Odile alijaza fomu zote tisa juu ya meza ya jikoni. Palipoandikwa "Eleza mafanikio yako", aliandika: "Nimesaidia nyumbani." Mwalimu Plourde aliposoma alishika kichwa. Alimbembeleza aongeze walau sentensi moja, na baada ya nusu saa Odile aliongeza: "Hasa kuchambua mawe."

Kabla ya Krismasi vyuo vingi vilikuwa vimejibu kwa heshima kwamba vinamkubali lakini havina cha kumlipia. Vikabaki viwili. Kimoja kilikuwa Chuo cha Halloway, kusini kule kusikoanguka theluji. Halloway hawakutuma barua, walituma mafuriko. Zilikuja picha za jengo la uhandisi lililojengwa kwa vioo vitupu, kalenda, bendera, fulana na kofia yenye jina la chuo. Na kila Jumapili, Daigle wakiwa mezani, simu ililia. Alikuwa kijana mmoja aitwaye Trevor kutoka ofisi ya kuandikisha wanafunzi.

"Odile, umewahi kuambiwa kwamba wewe ni nyota?"

"Hapana," Odile alijibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Basi mimi nakwambia. Tukisoma jina lako hapa ofisini, watu wanasimama."

Niseme wazi kwamba maneno haya yalimwingia. Mtoto aliyekua kwa "si mbaya" akisikia anaitwa nyota, moyo humyeyuka. Alianza kuivaa ile kofia hata ndani ya nyumba. Januari, ilipofika barua yenye maandishi ya dhahabu ikimtangaza kuwa mshindi wa Tuzo ya Nyota, aliilaza chini ya mto wake wiki nzima.

Chuo cha pili kilikuwa Dunmore, katika nyanda za magharibi, mahali pa ngano na upepo. Dunmore walituma karatasi moja ya kijivu. Ilisema wana nafasi moja ya kulipiwa katika uhandisi wa mashine za kilimo, kwamba anaalikwa kwenye usaili mwezi wa Februari, na kwamba nauli wataitoa wao. Hapakuwa na picha hata ya mti.

"Siendi," Odile alisema. "Tayari nina Halloway."

"Utakwenda," mama yake alisema. "Mwalimu Plourde ameniambia, na nauli wanatoa. Mtu akikualika kwa gharama yake hata kama ni kula mawe, unakwenda, unakaa, unasema asante."

Alikwenda. Nje ya chumba cha usaili alimkuta mvulana mwenye tai na jalada nene la vyeti, ambaye kwa dakika tano alimhesabia Odile mashindano yote aliyoyashinda. Ndani alikuwamo Profesa Ingrid Tveit, mama mrefu mwenye mikono mikubwa, na mbele yake fomu ya Odile.

"Umeandika hapa kwamba umesaidia nyumbani kuchambua mawe," alisema profesa. "Mimi nimezaliwa shambani. Baba yangu aliokota mawe hadi anaingia kaburini. Mnayachambuaje kwenu?"

"Kuna mkanda," Odile alijibu.

"Mkanda gani?"

"Umeinama. Mawe yanapanda, viazi vinashuka."

Profesa akaweka kalamu chini. "Nani aliutengeneza?"

Hapo ndipo Odile alipotumbukia. Jibu lilikuwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "mimi". Lilimfika kwenye ulimi likaganda. Aliona nyusi za Bonde zima zimeinuka.

"Tuliutengeneza sisi," alisema.

"Sisi nani?"

"Watu wa nyumbani."

"Unafanya kazi vizuri?"

"Si mbaya."

Profesa akaichukua tena kalamu. Usaili ulikwisha kabla ya dakika kumi kutimia. Katika choo cha uwanja wa ndege alilia kwa hasira, si kwa sababu alikitaka Dunmore, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwuliza juu ya kile kitu alichokipenda kuliko vyote, naye alikikana mbele ya macho yake mwenyewe.

Aliporudi nyumbani fomu ya Halloway ilikuwa ikimngoja, ya kutiwa saini kabla ya katikati ya Machi. Alichukua kalamu. Baba yake akanyoosha mkono, akaiomba ile barua ya dhahabu.

Lazima ijulikane kwamba mkulima wa viazi huishi kwa kusoma maandishi madogo. Kila gunia la mbegu huja na kitambulisho kilichoshonwa mdomoni, na asiyekisoma hadi mwisho hupanda ugonjwa. Rosaire aliisoma Tuzo ya Nyota vivyo hivyo, kuanzia chini kwenda juu, kidole juu ya kila mstari.

"Hapa pameandikwa 'mwaka wa kwanza'," alisema hatimaye. "Wa pili je?"

Odile aliinama akasoma. Masomo ya uhandisi ni miaka minne, na tuzo ilikuwa ya mmoja.

Jumapili simu ilipolia alimwuliza Trevor moja kwa moja. "Mwaka wa pili nitalipiwa na nani?"

"Odile, nyota kama wewe haziulizi hivyo. Nimekwambia kuhusu bwawa jipya la kuogelea?"

"Mwaka wa pili, Trevor."

"Wanafunzi wetu siku zote hupata njia. Kuna mikopo, kuna familia..."

"Na wa tatu?"

"Lile bwawa lina maji ya moto, unajua."

Odile aliweka simu chini taratibu. Akavua kofia, akaikunja, akaitia ndani ya sanduku la takataka pamoja na bendera na kalenda. Mama yake alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Mwenye viazi vibovu ndiye hupaka gunia rangi," alisema Gilberte. "Sisi tulipaswa kujua, tena kuliko watu wote. Nisamehe, mwanangu. Mimi pia nilianza kulipenda lile jengo la vioo."

Sasa msichana hakuwa na mbele wala nyuma. Halloway kilikuwa mtego, Dunmore alikivuruga kwa ulimi wake mwenyewe, na chuo cha jimbo kisingeweza kumlipia. Alianza kusema kwamba atapata kazi katika kiwanda cha chipsi mjini, na huenda si vibaya. Mwalimu Plourde alipomsikia akisema hivyo alitoka nje ya ofisi akasimama kwenye theluji bila koti. Wiki mbili zilipita bila neno kutoka nyanda za magharibi.

Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, Gilberte alikuwa akipika ploye, vile vibibi vya unga mweusi ambavyo Bondeni havikosekani mezani, simu ikalia. Aliibana kati ya sikio na bega bila kuacha mwiko. Odile alikuwa ngazini, ameketi, hana analolifanya.

"Ndiyo, ni kwa Daigle. Mimi ni mama yake... Profesa nani? Aa. Habari za huko... Mkanda? Mkanda upi? Ule wa mawe?" Alimimina kibibi kingine. "Ni wa Odile. Alianza kuutengeneza akiwa na miaka kumi na mitano, ghala zima lilijaa skrubu, nilikanyaga moja hadi leo nachechemea. Lakini ni kitu kidogo tu, profesa. Si mbaya."

Upande wa pili profesa aliuliza jambo, maana Gilberte alitazama dari.

"Wengine wanao? Wanao, ndiyo. Féréol Cyr anao. Ouellette anao. Wale ndugu wawili wa Michaud, kila mmoja na wake, maana hawasemezani. Thériault, Bouchard, yule Lagassé wa kilimani..." Aliacha mwiko, akaanza kuhesabu kwa vidole. Ngazini Odile naye alikuwa anahesabu, midomo ikicheza. Alijua habari ya Cyr. Alijua habari ya Ouellette. Wengine hawa alikuwa hajasikia habari zao hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. "Kumi na mmoja, profesa. Hao ni wa upande wetu wa mto. Ng'ambo kule Kanada wameanza pia, sijui ni wangapi."

Swali jingine likaja.

"Nani aliwauzia?" Gilberte alicheka. "Hakuna aliyeuza kitu. Walikuja kuazima spana."

Wakati huo kibibi kilikuwa kimeungua. Kisha profesa akasema asante, na kwamba ameridhika, na simu ikakatika. Gilberte aligeuka akamwona binti yake amesimama chini ya ngazi, machozi yakimtiririka bila kujificha.

"Kumi na mmoja, Mama?"

"Kwani hukujua?"

"Nani angeniambia?"

Gilberte alifikiri. "Kweli," alisema. "Nani angekwambia." Akamkumbatia, mikono imejaa unga.

Barua ya Dunmore ilifika baada ya siku sita, karatasi moja ya kijivu. Rosaire aliisoma kuanzia chini kwenda juu, akairudia, kisha akaisoma kwa sauti mstari mmoja tu: karo, malazi na chakula, miaka yote minne. Mwisho wa barua profesa alikuwa ameandika kwa mkono kwamba angependa Odile aje na vipimo vya mwinamo, kwani baba yake yeye profesa alikufa bila kuupata. Siku ile Rosaire alitoka akaenda kutembea shambani, juu ya theluji, peke yake, saa mbili nzima. Tulimwona sote tuliopita barabarani, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Odile aliondoka mwishoni mwa Agosti, mavuno yakiwa yamekaribia, mavuno ya kwanza ambayo asingekuwapo. Masanduku yalikuwa yamekwisha kupakiwa mzee Cyr alipotokea kwa miguu akikatiza shamba. Alipofika alivua kofia. Katika maisha yangu sikuwa nimemwona akiivua ila kanisani.

"Odile," alisema. "Mkanda wangu unakwenda upande. Nimekaza, nimelegeza, nimeshindwa."

"Unakwenda kushoto, mzee, au kulia?"

"Kushoto."

"Roli ya juu haiko sawa. Inua upande wa kushoto unene wa kidole, kisha ukaze taratibu huku mkanda unazunguka."

Mzee wa miaka sabini na mbili, aliyefundisha nusu ya Bonde kulima, alitoa kipande cha penseli na kuandika aliyoambiwa juu ya pakiti ya sigara. Aliandika polepole, akamwuliza msichana kama ameandika sawa. Kisha akabaki amesimama, kofia mkononi, akitazama lori.

"Sasa ukienda huko," alisema, "sisi tutamwuliza nani?"

Odile alimkumbatia, naye mzee akasimama wima asijue mikono aiweke wapi. Lori lilipoingia barabarani msichana alikuwa analia kwa sauti, na baba yake aliendesha bila kumnyamazisha, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa haoni vizuri mbele.

Halloway walimtafuta Odile kwa miezi kadhaa, kwa simu, kofia na maandishi ya dhahabu, na mwishowe hawakuwa na cha kumpa. Mkanda wake haukutoka ghalani siku hata moja, wala haukupigiwa debe na mtu, nao ukampatia miaka minne na heshima ya watu waliomlea. Hakika, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.